Mchoshe Kwanza, Ndipo Umpime

Mtaani walimwita Mama Panya, naye aliitika. Hakuwahi kuzaa, na jina hilo lilipozuka alinuna wiki nzima, kisha akaona kununa kunamchosha bure. Watu wakimuuliza watoto hawajambo, alijibu kwamba hawajambo wote mia moja na ishirini, wameshiba, na hakuna hata mmoja aliyeomba ada ya shule. Ukimtania, mnacheka pamoja. Ukimdharau, hapo utajua kwamba mama huyu ana ulimi, na kwamba hakuuweka mdomoni kwa ajili ya kuonja chumvi tu.

Kazi yake ilikuwa kutunza panya weupe katika taasisi ya utafiti. Chumba chao kilikuwa ghorofa ya chini, hakina dirisha, taa zake zinajiwasha na kujizima zenyewe ili wanyama wajue mchana ni upi na usiku ni upi. Kwa miaka kumi na saba aliingia mle kila asubuhi, akavua viatu vyake, akavaa vya mpira, koti, kofia na glavu, akaanza kubadilisha maranda ya mbao kwenye vizimba. Kila panya alikuwa na namba sikioni, lakini yeye aliwajua kwa tabia. Yupo aliyelala ndani ya bakuli la chakula kama tajiri. Yupo aliyeuma kila glavu mpya na kuziacha za zamani. Wapo ndugu wawili ambao ukiwatenganisha wanakataa kula.

Panya hawa hawakuugua kwa bahati mbaya. Walifanywa waugue. Profesa, bosi wake, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, alimweleza jambo hilo siku ya kwanza, na kwa kuwa alikuwa muungwana hakumweleza kama anayeongea na mtoto.

"Mwili una walinzi wake, siyo?" alisema.

"Najua. Kinga."

"Basi kuna watu ambao walinzi wao wanakosea mlango. Badala ya kupiga vijidudu, wanapiga pale mshipa wa fahamu unapoukabidhi msuli amri. Ubongo unasema inua mkono, mshipa unaifikisha habari, ila mlangoni pa msuli wapokeaji wameshapigwa, wamebaki wachache. Mara ya kwanza amri inapita. Ya pili inapita. Ya ishirini haipiti."

"Kwa hiyo mtu anachoka."

"Anachoka. Akipumzika anarudi. Hiyo ndiyo hila ya ugonjwa huu, Mama. Ukimkuta amepumzika utaapa kwamba ni mzima."

Ili wausome ugonjwa huo, waliwadunga panya protini iliyotolewa kwa samaki fulani mwenye umeme mwilini. Kinga ya panya ilijitengenezea silaha za kumpiga yule samaki, na silaha hizo hizo zikageuka kuipiga misuli ya panya mwenyewe, kwa sababu kwa mlinzi asiye na macho, samaki na panya walifanana. Baada ya wiki nne hivi mnyama alianza kulegea. Hapo wengine walipewa dawa inayojaribiwa, wengine maji ya chumvi, na Mama Panya hakuambiwa nani kapewa nini, ili asije akampendelea mtu.

Yeye ndiye aliyewapima. Vijana wenye shahada zao walijaribu, wakashindwa, maana walikuwa wakimtoa panya kizimbani alikolala, wakamtazama, wakaandika mzima. Mama Panya alikuwa akimweka juu ya wavu wa waya, anamshika mkia pale unapoanzia, anamvuta taratibu nyuma, panya anang'ang'ania waya kwa vidole, anamwachia, anamvuta tena. Mara thelathini. Kisha ndipo anamweka mezani na kumtazama. Sifuri ni mzima. Moja ni yule anayelegea ukishamsumbua. Mbili amelegea kabla hujamsumbua, mgongo umepinda, kidevu kinagusa meza. Tatu ukimlaza chali hawezi kujigeuza. Nne haina haja ya kupimwa. Juu ya mlango aliandika kwa mkono wake, kwa herufi kubwa za wino mwekundu: MCHOSHE KWANZA, NDIPO UMPIME.

Aliwahurumia? Aliwahurumia sana, na hakuona haya kusema. Ila aliamini kwamba kila alama anayoiandika vizuri itamfikia siku moja mtu fulani mahali fulani asiyeweza kuinua kijiko. Mtu huyo hakuwa na sura. Hakuwa mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa msusi. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na Mama Panya ndiye aliyemlea tangu alipokuwa na tisa, mama yao alipofariki, kwa hiyo alikuwa dada yake na mama yake kwa wakati mmoja, na alimgombeza kwa vyeo vyote viwili. Saluni yake ilikuwa chumba chenye kiti kimoja, kioo kimoja na redio isiyozimwa. Mikono yake ilikuwa myepesi hivi kwamba wateja walisinzia wakisukwa. Nywele zake mwenyewe alizifunga kitambaa tu, kinyozi hajinyoi. Kwa mdomo alikuwa hodari kuliko hata kwa mikono.

"Dada, niletee hao watoto wako niwasuke mikia," alikuwa akisema.

"Utaweza bei yao? Kila mmoja ana daktari wake."

"Wana bahati. Mimi nina wewe tu."

Ubaya ulianza na malalamiko ya mteja mmoja, karani wa benki, aliyerudi siku ya tatu huku ameshika kichwa. "Upande huu ulinisuka wewe," alisema, "upande huu alinisuka nani?" Na kweli, mistari ya kulia ilikuwa imekaza kama kawaida, ya kushoto, iliyosukwa saa za mwisho, ilikuwa imelegea kama ya mtu anayejifunza. Msusi alicheka, akamsuka upya bure. Wiki iliyofuata akarudi mwingine. Wa tatu hakurudi, alikwenda kusema kwa watu kwamba msusi siku hizi anakunywa, kope ya jicho moja inashuka jioni na ulimi unakuwa mzito.

Mama Panya alisikia maneno hayo na kwanza akatafuta wa kumtukana. Kisha akaenda kula na mdogo wake, jioni ya Jumapili. Walikula nyama ya kuchoma na mkate, wakaongea sana, na katikati ya maongezi Msusi aliweka kiganja chini ya kidevu akaanza kuusukuma mdomo wake juu ili utafune. Alifanya hivyo bila kujua, huku akisimulia kisa cha bwana harusi wa jirani.

Mama Panya aliacha kula.

"Hebu inua mikono," alisema.

"Mikono ya nini? Nipo na nyama."

"Inua, mdogo wangu. Mbele. Hivyo. Isishuke mpaka niseme."

Akahesabu. Kwenye ishirini mikono ilianza kutetemeka. Kwenye thelathini na nne ikashuka yenyewe, mdogo wake akiitazama kama mikono ya mtu mwingine. Akacheka. "Nimezeeka, Dada. Nitafutie mume kabla sijaanguka kabisa."

Moja, Mama Panya alihesabu moyoni. Moja inayokwenda mbili. Alichukia kwamba namba ile ilimjia yenyewe, bila kuitwa.

Wakaenda hospitali. Utaratibu ni ule ule kila mahali: unafika alfajiri, unapewa namba, unakaa kwenye benchi mpaka makalio yanakuwa ya mbao. Zamu yao ilipofika, Msusi alikuwa amekaa saa tatu bila kuinua hata mkoba. Daktari wa zamu, kijana mwenye haraka, alimwambia ainue mikono, akainua. Afinye vidole vyake, akafinya mpaka daktari akatoa sauti.

"Huyu ana nguvu za kubeba gunia," daktari alisema.

"Mchoshe kwanza," alisema Mama Panya.

"Samahani?"

"Umemkuta amepumzika. Mchoshe, ndipo umpime. Mwambie ainue mikono dakika mbili, uone. Mimi kazini panya wetu..."

"Panya?"

Akaeleza. Aliongea haraka mno, maana nje watu walikuwa wanagonga, na alipofika kwenye samaki wa umeme aliona uso wa daktari umeshabadilika, umekuwa uso wa mtu anayemsubiri kichaa amalize. Daktari akaandika vidonge vya kuongeza damu.

"Binadamu siyo panya, mama," alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomuuma.

Daktari wa pili, katika zahanati nyingine, aliuliza kama mgonjwa ameolewa. Akaambiwa hajaolewa. Akasema basi ndiyo hayo, mawazo. Mama Panya alimwambia maneno ambayo hayaandikiki, wakatolewa nje wote wawili, na kwenye ngazi Msusi alicheka mpaka sauti ikaanza kutokea puani. Sauti ya puani ilikuwa dalili nyingine. Mama Panya alicheka naye, roho ikiwa mkononi.

Hatimaye alimwendea Profesa. Alisimama mlangoni na glavu zake, akasema yote kwa pumzi moja. Profesa alisikiliza, akafunga daftari.

"Mimi ni daktari wa panya, Mama. Mtu siruhusiwi kumgusa," alisema. "Lakini nakuamini. Jicho lako silijui kukosea."

Akamwandikia barua kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, aliyekuwa akija hospitali kuu mara moja kwa mwezi, ghorofa ya nne, wagonjwa ishirini tu. Siku iliyopatikana ilikuwa baada ya wiki tano. Katika wiki hizo tano Msusi alipunguza wateja, kisha akawa anasuka asubuhi tu, kisha akafunga saluni siku za Jumatatu, halafu na za Jumanne. Alianza kunywa chai kwa mrija. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wasemao hivyo wanajua.

Siku mbili kabla ya miadi Msusi alipata mafua.

"Dada, kifua kimeniziba," alisema asubuhi ya miadi, akiwa amejifunga shali. "Tungeahirisha?"

"Kuahirisha ni mwezi mzima."

"Mwezi siyo mwaka."

"Vaa viatu."

Walipanda lifti mpaka ghorofa ya nne wakakuta wenzao kumi na sita wameshafika. Wakakaa. Saa ya kwanza ikapita, ya pili ikaanza. Msusi aliegemea ukuta, akafumba macho, akapumzika kabisa. Na Mama Panya, aliyekuwa akimtazama pembeni kama anavyotazama kizimba, aliona kope ya kushoto ikirudi juu. Taratibu, milimita kwa milimita, mpaka ikalingana na mwenzake. Uso ukawa mzuri kama zamani. Sauti, alipoomba maji, ilikuwa safi.

Mtu mwingine angeshukuru Mungu. Mama Panya aliingiwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua. Walibaki watu watatu mbele yao. Aliona jinsi itakavyokuwa: inua mikono, finya vidole, nguvu za gunia, vidonge vya damu, rudi nyumbani. Safari hii hakuna tena daktari wa kumwendea. Huyu ndiye wa mwisho.

"Inuka," alisema.

"Zamu yetu?"

"Bado. Inuka tushuke ngazi, halafu tupande."

Msusi alimtazama. "Dada. Mimi siyo panya wako."

"Najua wewe siyo panya wangu. Ungekuwa panya wangu ungeshapata daktari siku nyingi. Twende, mara moja tu, aone. Akishaona nitakubeba mgongoni mpaka nyumbani, nakuapia."

Msusi alikohoa ndani ya shali, akainuka. Kushuka kulikuwa rahisi, alitania njia nzima, akasema akipona atafungua saluni ya panya. Kupanda, ghorofa ya kwanza walipita vizuri. Ya pili alishika chuma cha ngazi. Ya tatu kope zote mbili zilikuwa zimeshuka, na Mama Panya, Mungu amsamehe, alifurahi. Alifurahi kama anavyofurahi mtu aliyeitwa mwongo akaona ushahidi wake unakuja.

"Bado kidogo," alisema. "Umefanya vizuri. Ishirini na tano, ishirini na sita."

Alikuwa akihesabu vidato kwa sauti, kila ghorofa akianzia moja.

Walipofika juu, jina lao lilikuwa linaitwa. Msusi aliingia kwa miguu yake, akaketi, akataka kusema habari za asubuhi, na mdomo haukufunga. Kichwa kilianguka mbele. Daktari bingwa, mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi, hakuuliza swali hata moja. Alimwinua kidevu kwa mkono, akamwangalia macho, akamwambia ahesabu kwa pumzi moja.

"Moja, mbili, tatu," alisema Msusi, kwa sauti ya puani. "Nne. Tano."

Akasimama hapo. Kifua chake kilikuwa kinapanda kidogo sana, na midomo ilikuwa inabadilika rangi. Daktari alipiga kelele machela iletwe. Mama Panya alisikia jina la ugonjwa likitajwa kwa muuguzi, jina lile lile lililoandikwa kwenye mlango wa Profesa, na kwa nukta moja nzima alijisikia ameshinda.

Nukta ya pili ilipofika hakuwa na kitu tena.

Walimwekea mrija kooni na mashine ya kupumua. Jioni ile daktari bingwa alitoka akamkuta Mama Panya amesimama, ingawa viti vilikuwepo. Alimwambia kweli, na kwa hilo Mama Panya alimheshimu. Alisema kwamba angemkuta mgonjwa amepumzika labda angemwandikia vipimo na kumpa tarehe ya mwezi ujao. Alisema pia kwamba mtu mwenye ugonjwa huu, akiwa na maambukizi kifuani, misuli ya kupumua inakuwa ukingoni, na kupanda ngazi nne namna ile kunaweza kumsukuma.

"Kwa hiyo nimemwokoa au nimemuua?"

"Hajafa, mama."

"Nimekuuliza."

Daktari akatikisa kichwa. Hakujua, na hakuna ambaye angejua. Kwenye chumba cha panya kungekuwa na kundi la pili: wenye mafua waliopandishwa ngazi huku, wenye mafua walioachwa wakae kule, mwisho unalinganisha. Mama Panya alikuwa na mdogo mmoja.

Kesho yake alirudi kazini, maana panya hawajui msiba wa mtu, wanataka maji. Kwenye kizimba cha kumi na moja panya alipiga chafya. Bila kufikiri, Mama Panya akamtoa, akamweka peke yake kwenye kizimba cha pembeni, akabandika karatasi ya njano: ASIPIMWE. Panya mwenye mafua hapandishwi wavuni. Amelegea tayari, ukimchosha anakufa, na alama yake haina maana. Utaratibu huo hakufundishwa na mtu. Aliuleta yeye mwenyewe, mwaka wa tatu, baada ya kupoteza sita, na Profesa akauingiza kwenye kitabu. Alisimama na bomba la gundi mkononi akaitazama ile karatasi ya njano. Kisha akakaa sakafuni, kwenye maranda, akalia kwa sauti, na panya waliokuwa macho wakaja mbele ya vizimba kumtazama, wakidhani ni saa ya chakula.

Msusi alianzishiwa vidonge vya kutuliza kinga, lakini vidonge hivyo huchukua wiki nyingi, na mwanzoni huweza hata kumshusha mgonjwa. Mashine ya kuchuja damu, ya kuwaondoa wale walinzi waliokosea mlango, ilikuwapo moja, na ilikuwa mbovu. Fundi alikuwa amekuja. Fundi alikuwa ameondoka. Kifaa kilikuwa kimeagizwa. Dawa nyingine ya kuingiza mshipani ilitajwa, na ilitajwa tu.

Wakati huo huo, chini kule, panya wa vizimba vya mkono wa kulia walikuwa wanapona. Hakuna aliyemwambia, lakini macho yake hayakuhitaji kuambiwa. Yule tajiri wa bakuli, aliyekuwa tatu, sasa alikuwa anang'ang'ania wavu mara thelathini na kutaka nyingine. Mama Panya alimwendea Profesa akafunga mlango nyuma yake.

"Nipe ile dawa."

"Dawa ipi?"

"Usinifanye mjinga, leo tafadhali usinifanye. Wa mkono wa kulia wanaipata. Nipe."

Profesa alisukuma daftari pembeni. "Panya ana gramu mia tatu," alisema. "Mimi ndiye niliyemfanya augue, naijua siku aliyoanza kuumwa, naijua sababu. Ya mdogo wako siyajui. Dawa ile haijawahi kuingia kwa mtu hata mmoja. Inaweza isimfanye kitu. Inaweza kumuua leo saa kumi."

"Na itakuwa tayari lini?"

"Mambo yakienda vizuri sana, miaka kumi."

"Na asipoipata?"

Profesa alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Huyu mtu aliyejua kila kitu kuhusu ugonjwa ule, aliyekwenda nchi na nchi kuueleza, hakuwa na la kumwambia mama mmoja mwenye glavu. Mama Panya aliona hivyo, na hasira ikamtoka yote. Ingekuwa afadhali imbaki. Akarudi kuwapima panya. Siku ya sitini wote wangeuawa, waliopona na wasiopona, ili misuli yao ichunguzwe, naye ndiye angewashika, maana wakishikwa na yeye hawaogopi.

Hospitali walimruhusu kuingia mara moja kwa siku, alasiri, nusu saa. Kwa kuwa Msusi hakuweza kusema, muuguzi alimpa ubao mdogo wenye karatasi na penseli. Siku ya kwanza aliandika ukurasa mzima: aambiwe karani wa benki arudi mwezi ujao, redio ichomolewe, funguo apewe jirani wala siyo yule binamu mwenye mikono mirefu, na hii mashine inakoroma kuliko marehemu baba. Siku ya tano aliandika mistari miwili. Siku ya nane aliandika maneno tisa, akapumzika mara mbili katikati. Mama Panya hakutaka kuyahesabu. Aliyahesabu.

Siku ya kumi alimkuta macho yamefunguka nusu. Alimpangusa mate pembeni mwa mrija, akamnyoosha kitambaa cha kichwa. Fundi, muuguzi alisema, anatarajiwa wiki ijayo. Mama Panya akavuta kiti mpaka kikagusa kitanda.

"Mdogo wangu, kuna jambo nataka uniambie kama umelijua au hukulijua," alianza, na akaona anazunguka. "Nilijua una mafua. Siku ile. Nilikusikia unakohoa kwenye lifti, kwenye benchi, kwenye ngazi. Panya akipiga chafya simgusi, nimewafundisha watu wasimguse. Wewe nilikupandisha. Niliona kope imerudi juu nikaogopa hawataniamini. Umesikia? Nilitaka wanione mimi siyo mwongo."

Mashine ilivuta, ikapumua. Macho ya mdogo wake yalimwangalia kwa muda mrefu, halafu yakashuka kwenye ubao. Mama Panya akaushikilia, akampa penseli. Herufi zilitoka moja moja, kubwa na zilizopinda, kama za mtoto wa darasa la kwanza.

NA MIMI NILITAKA WAO

Penseli ikasimama. Mama Panya akangoja. Alijua herufi zilizobaki ni mbili tu, NE, na kwamba mdogo wake hakuwahi kuacha neno lolote bila kulimaliza tangu aanze kusema.

"Malizia," alisema kwa sauti ndogo. "Pumzika kwanza, halafu umalizie. Ukipumzika inarudi."

Akangoja dakika moja kwa saa ya ukutani. Akangoja tano. Penseli iliteleza kwenye shuka, akaiokota, akairudisha kati ya kidole gumba na cha shahada, na vidole havikuishika. Akaweka mkono wake juu ya mkono ule, akavikunja vidole vya mdogo wake kimoja kimoja kuizunguka penseli, akavishikilia hivyo hivyo mpaka muuguzi alipokuja kumwambia nusu saa imekwisha.